Kambale hatagi bila mafuriko: namna ya kuzalisha vifaranga vyake Dodoma

Anayeanza kufuga kambale pamoja na perege huona jambo moja linalomshangaza. Perege wamezaana hadi bwawa limejaa watoto, lakini kambale hawajatoa kifaranga hata kimoja, ingawa majike wana matumbo yaliyovimba kwa mayai. Bwawa halina kasoro na samaki si tasa. Kambale ni samaki wa safari. Huishi mtoni au ziwani, lakini mayai huenda kuyataga nje ya mto, kwenye mbuga na majani yaliyofunikwa na maji ya mvua. Maji yasipopanda, mayai hukaa tumboni yakisubiri, na yakisubiri mno mwili huyafyonza tena. Kwa hiyo anayezalisha vifaranga anachukua nafasi ya mafuriko: kwa sindano ya homoni anampa samaki ishara ambayo bwawa haliwezi kumpa, kisha anawalea watoto kama mbuga ingewalea.

Mwaka wa kambale porini

Kambale anayefugwa nchini, Clarias gariepinus, utamtambua kwa kichwa bapa kigumu, jozi nne za sharubu, ngozi isiyo na magamba, na pezi moja refu la mgongoni linalokaribia mkia. Kitoga na ngogo nao wana sharubu, ila wana pezi la nyama kabla ya mkia, na kambale huyu hana. Akipewa nafasi na miaka hupita urefu wa mita moja na uzito wa makumi ya kilo.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki, mito kama Bubu hupungua na kubaki madimbwi, na sehemu kubwa ya bwawa la Bahi huwa tope lililopasuka. Samaki wengi hufa humo kwa kukosa hewa. Kambale hubaki, kwa sababu juu ya matamvua ana kiungo cha pili cha kupumulia, chenye matawi mfano wa koliflawa, anachokijaza hewa kila anapopanda juu. Dimbwi likimshinda, usiku wenye umande anaweza kujiburuza nchi kavu kwa miiba ya mapezi ya kifuani hadi kwenye maji mengine.

Baridi ya Juni na Julai ikipita na maji yakaanza kupata joto, mayai hukua ndani ya majike. Mvua kubwa za kwanza zikishuka na mto ukafurika, samaki hutoka usiku kwenda kwenye maji ya kina kifupi yaliyofunika nyasi. Dume hujikunja kuzunguka kichwa cha jike, jike huachia mayai, kisha huyatawanya kwa kupiga mkia. Mayai hunata kwenye nyasi, nao wazazi hurudi kwenye maji ya kina bila kulinda chochote. Mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili. Vifaranga hubaki katika majani hayo wakila vidudu vya maji, na wakifika urefu wa sentimita 2 hivi, maji yakiwa yanapungua, hufuata mkondo kuelekea mtoni.

Yashike mambo manne hapa, maana yatarudi katika kila hatua: ishara ni maji kupanda, utagaji ni wa usiku, mayai yananata, na mtoto wa kambale hukua gizani akiwa amezungukwa na chakula kilicho hai.

Lini uanze, na kwa maji gani

Panga uzalishaji kati ya Oktoba na Machi. Inawezekana kuzalisha Juni kwa kupasha maji moto, ila kwa anayeanza ni kujitafutia hasara. Usiku wa Juni na Julai hapa ni baridi, maji ya tangi hushuka chini ya nyuzi 20, mayai huchelewa kuanguliwa na ukungu huyawahi. Lenga maji ya nyuzi 25 hadi 28 za selsiasi. Nunua kipimajoto, usipime kwa mkono.

Maji ya kisima kirefu yana matatizo mawili hapa kwetu. La kwanza ni chumvi. Kambale mkubwa huvumilia maji yenye chumvi kidogo, lakini mayai na vifaranga wanataka maji yasiyozidi gramu 2 hivi za chumvi kwa lita. Kama maji ya kisima chako hayanyweki kwa chumvi, usiyatoteshee mayai. Vuna maji ya mvua kwenye simtanki uyatunze kwa kazi hii pekee. La pili, maji yanapotoka ardhini huwa na oksijeni kidogo. Yamwage kwa kuyarushia juu ya mawe au bati lenye matundu, yalale usiku mzima ndipo uyatumie. Maji ya bomba la mjini yana klorini: yaache tangini wazi siku moja hadi mbili huku pampu ya hewa ikiyachemsha mapovu. Vifaranga waliowekwa kwenye maji yaliyotoka bombani moja kwa moja hufa kabla hujapanga ndoo zako.

Simtanki jeusi likianikwa juani hupasha maji bila gharama. Angalia tu yasipite nyuzi 30, kwa sababu mayai yanayokuzwa kwenye joto kali hutoa vifaranga wenye migongo iliyopinda.

Wazazi

Chagua majike wa kilo moja hadi mbili, wenye umri wa mwaka mmoja au zaidi. Mkubwa kupita hapo ana mayai mengi, lakini kumshika kunataka watu wawili wenye nguvu, na akiponyoka sakafuni anaumia. Dume na jike hutambulika kwa kugeuza tumbo juu. Nyuma ya tundu la haja dume ana kichirizi kirefu kilichochongoka, jike ana uvimbe wa duara wenye ufa katikati.

Jike aliyeiva ana tumbo kubwa lililo laini hadi karibu na tundu, na tundu lenyewe huwa jekundu kidogo. Mbonyeze taratibu: yakitoka mayai machache, yatazame kwenye kiganja. Yawe ya ukubwa mmoja, yaliyoachana, rangi ya kijani kahawia. Mayai meupe, madogo kwa makubwa, au yaliyoshikana kwa utando ni dalili kwamba hajawa tayari, na hakuna sindano itakayomwivisha kwa usiku mmoja. Tumbo lililojaa chakula huhadaa, ndiyo maana wazazi hunyimwa chakula kwa saa 24 kabla ya kuchaguliwa. Dume mzuri ana kichirizi chenye ncha ya waridi, mwili mwembamba wenye nguvu, na umri usiopungua mwaka.

Tenganisha majike na madume, na ikiwezekana kila mzazi akae kwenye beseni lake. Wakikaa pamoja usiku wa sindano wanaumana hadi ngozi inachanika. Funika mabeseni kwa wavu uliobanwa na mawe, kwa kuwa kambale aliyechomwa homoni hutafuta njia ya kutoka kama anavyotafuta mto unaofurika.

Wazazi wa kutoka porini ni bora kwa damu mpya, ila muone kwanza ofisa uvuvi wa halmashauri upate kibali, na uangalie bonde. Mkoa huu umekalia mabonde matatu: maji ya bwawa la Mtera ni ya mto Rufiji, ya bwawa la Hombolo huteremka mto Kinyasungwe hadi mto Wami, na ya Bahi hubaki Bonde la Kati bila kufika baharini. Samaki wa bonde moja wasimwagwe kwenye maji ya bonde jingine, hata wakionekana wa aina moja. Njia nyingine ni kununua wazazi kwenye kituo cha serikali, kama kile cha Kingolwira, Morogoro. Usitumie ndugu wa tumbo moja kizazi baada ya kizazi. Vifaranga dhaifu na wenye vilema huanza kuonekana, na wateja hawarudi.

Sindano: ishara ya mafuriko

Kuna njia mbili zinazotumika sana.

Ya kwanza ni homoni ya dukani, na inayofahamika zaidi ni Ovaprim. Kipimo ni mililita 0.5 kwa kila kilo ya jike. Jike wa kilo 1.4 anapata mililita 0.7. Pima samaki kwa mizani, usikisie. Chupa itunzwe mahali pa baridi na giza, na usinunue iliyokaa dirishani kwenye jua.

Ya pili ni tezi ya pituitari ya kambale mwingine. Mtoaji awe amepevuka, mwenye uzito unaolingana na wa jike utakayemchoma. Mkate kichwa, ondoa taya la chini, kisha pasua mfupa wa paa la kinywa kwa kisu kigumu. Chini ya ubongo utaona punje ndogo nyeupe yenye uwaridi. Ichukue kwa kibanio, isage kwenye kinu kidogo pamoja na mililita 2 za maji ya dripu ya chumvi, acha mashapo yatulie, vuta maji ya juu kwa bomba la sindano. Njia hii ni rahisi kwa fedha, na nyama ya mtoaji inaliwa. Ubaya wake ni kwamba nguvu ya tezi hubadilika kutoka samaki hadi samaki, hivyo leo inafanya kazi na kesho haifanyi. Kama una oda ya vifaranga yenye tarehe, tumia ya dukani.

Choma kwenye nyama ya mgongo, chini kidogo ya mwanzo wa pezi refu, sindano ikiwa imelala kama nyuzi 30 hadi 45. Funika macho ya samaki kwa taulo lililoloa, gizani hutulia. Sukuma dawa polepole, ukitoa sindano bonyeza tundu kwa kidole na usugue kidogo, la sivyo nusu ya dawa itarudi nje. Madume hawahitaji sindano.

Sasa hesabu masaa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu muda hauamuliwi na saa ya ukutani, unaamuliwa na joto la maji. Kutoka sindano hadi kukamua:

nyuzi 20: masaa 21
nyuzi 22: masaa 15 na nusu
nyuzi 24: masaa 12
nyuzi 25: masaa 11
nyuzi 26: masaa 10
nyuzi 28: masaa 8
nyuzi 30: masaa 7

Maji yakiwa nyuzi 25, ukichoma saa 2 usiku utakamua saa 1 asubuhi, ukiwa na mwanga na siku nzima mbele yako. Pima joto wakati wa kuchoma na tena alfajiri. Kama usiku maji yameshuka nyuzi mbili, ongeza muda. Kukamua mapema ni kuvunja mayai yasiyoachia; kuchelewa masaa mawili matatu ni kukamua mayai yaliyopitiliza, ambayo huonekana mazuri lakini hayarutubiki.

Kukamua na kurutubisha

Andaa vitu vyote kabla ya kumtoa jike majini: taulo mbili kavu, bakuli kavu la plastiki, unyoya safi wa kuku, mkasi mdogo, kipande cha chandarua, na maji ya chumvi ya gramu 9 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Dripu ya chumvi ya duka la dawa ndiyo hiyohiyo. Kaa kivulini, jua huua mbegu na mayai.

1. Anza na dume. Manii ya kambale hayakamuliki kama ya samaki wengine, kwa hiyo dume huchinjwa. Mpasue tumbo, toa korodani mbili ndefu, nyeupe kama maziwa, zilizolala kando ya uti wa mgongo. Zikiwa nyembamba na angavu kama maji, chukua dume mwingine. Futa damu na maji yote. Dume mmoja hutosha majike wawili au watatu. Korodani zikae kwenye chombo kikavu hadi mayai yatoke. Ukitaka kuzitumia kesho, ziweke kwenye friji ndani ya maji ya chumvi, si kwenye sehemu ya kugandisha.

2. Mfute jike akauke kabisa, hasa tumbo na mkia. Mtu mmoja ashike kichwa kwa taulo, mwingine mkia. Kwa kidole gumba sukuma tumbo taratibu kutoka kifuani kuelekea tundu. Aliye tayari humwaga mayai kwa mkondo, bila kulazimishwa. Yasipotoka, mrudishe majini umjaribu tena baada ya nusu saa. Damu ikianza kuonekana, acha.

3. Pima mayai. Gramu moja ina mayai kama 600 hadi 700. Jike mzuri hutoa mayai yenye uzito wa asilimia 10 hadi 15 ya mwili wake, hivyo wa kilo 1.2 anaweza kukupa gramu 120 na zaidi, yaani mayai zaidi ya 70,000.

4. Katakata korodani juu ya kipande cha chandarua, kamua kwa maji ya chumvi kidogo yadondokee kwenye mayai, changanya kwa unyoya. Hadi hapa maji matupu hayajagusa chochote.

5. Mimina maji safi ya tangi kiasi sawa na mayai, koroga polepole kwa unyoya muda wa dakika moja. Mwaga maji hayo, suuza mara moja.

Sababu ya ukavu huu wote ni hii: manii ya kambale hulala hadi yaguswe na maji, na yakiamka huogelea kwa takriban dakika moja tu kisha yanakwisha. Yai nalo likiguswa na maji hufunga tundu linalopitisha mbegu. Tone la maji kutoka kwenye mkia wa jike likianguka bakulini kabla ya wakati, sehemu ya kazi imekwisha bila wewe kujua. Utajua kesho yake, ukiona mayai meupe.

Wapo wanaomchoma jike na kumwachia dume tangini usiku watage wenyewe kwenye vichaka vya nyuzi za magunia. Huokoa maisha ya dume, na kwa mfugaji anayehitaji vifaranga wachache si njia mbaya. Ila wazazi watolewe alfajiri, kwa sababu hula mayai yao.

Kutotolesha

Mayai yaliyorutubishwa huanza kunata mara moja, kwa hiyo usiyaache bakulini. Yatandaze kwenye wavu wa matundu ya milimita moja uliofungwa kwenye fremu, tabaka moja, yai lisipande juu ya yai. Gramu 100 zinataka kama mita moja kwa nusu mita. Fremu ilale sentimita chache chini ya maji, kwenye tangi la kina cha sentimita 20 hadi 30, na maji yapite polepole lita moja hadi tatu kwa dakika. Kama huna maji ya kutiririka, weka mawe ya hewa yanayotoa mapovu madogo na ubadilishe theluthi ya maji kila baada ya masaa manane, yakiwa na joto lile lile. Funika tangi kwa turubai.

Muda wa kuanguliwa: nyuzi 22 masaa 38, nyuzi 24 masaa 29, nyuzi 26 masaa 25, nyuzi 28 masaa 22. Yai zima hubaki angavu lenye rangi ya kijani kahawia, na baada ya masaa 15 hivi unaona kiinitete kikijitikisa ndani. Yai lililokufa huwa jeupe kama chaki, na kabla ya siku kwisha huota pamba ya ukungu inayoshika majirani. Vuta meupe kwa mrija mwembamba mara mbili kwa siku. Yakiwa zaidi ya nusu, tatizo liko nyuma, kwenye kukamua au kwenye korodani. Ukungu umekuja kama shahidi tu.

Wakianguliwa, vifaranga hupenya matundu ya wavu na kukusanyika chini kwenye pembe zenye giza, wakitikisa mikia. Toa fremu pamoja na maganda na mayai mabovu ndani ya masaa machache. Ikiachwa hadi kesho, maji yananuka na unapoteza wazima.

Wiki mbili za hatari

Kifaranga aliyeanguliwa ana milimita 5 hadi 7 na mfuko wa kiini tumboni. Siku tatu za mwanzo hali kitu. Usimpe chakula, atakichafulia maji. Siku ya tatu au ya nne anaanza kupanda na kuogelea huku na huku akitafuta. Hapo lazima akute chakula kinachotembea.

Chakula bora ni artemia, uduvi wadogo sana wa maji ya chumvi. Kwa lita moja ya maji weka gramu 25 hadi 30 za chumvi na gramu 2 za mayai ya artemia, joto nyuzi 28, hewa nyingi na taa. Baada ya masaa 24 zima hewa dakika kumi: maganda huelea, artemia hai hushuka chini kuelekea mwanga. Wavute kwa mrija, uwachuje, uwasuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Maganda yakiliwa huziba utumbo. Lisha mara tano au sita kwa siku, na usiku mara moja. Kipimo si kijiko, ni tumbo: dakika kumi baada ya kulisha, vifaranga wawe na matumbo ya rangi ya chungwa. Wasiokuwa nayo hawajala.

Artemia ni ghali, na wengi hujaribu kiini cha yai la kuku lililochemshwa. Kinaweza kuvusha siku moja ya dharura, ila huoza haraka na kuua kwa amonia. Mbadala wenye maana ni moina, vile vidudu vidogo vinavyorukaruka kwenye maji ya kijani. Wiki mbili kabla ya kuzalisha, jaza tangi la nje, ning'iniza kiroba cha samadi ya kuku ndani, maji yakigeuka kijani pandikiza moina kutoka bwawa la jirani, kisha vuna kwa kitambaa laini. Kuanzia siku ya saba ya kulisha changanya na chakula kikavu laini kama unga, chenye protini asilimia 45 au zaidi, ukipunguza chakula hai polepole kwa siku nne tano.

Weka vifaranga 50 hadi 100 kwa lita kama maji yanatiririka, theluthi ya hapo kama hayatiririki. Kila asubuhi vuta uchafu wa chini kabla ya kulisha.

Kosa kubwa la kipindi hiki linatokana na sifa ya samaki mwenyewe. Kila mtu anajua kambale hafi kwa kukosa hewa ya maji, basi umeme ukikatika hakuna anayeshtuka. Lakini kile kiungo cha kuvuta hewa ya juu hakijaumbika kwa mtoto. Kwa wiki mbili za mwanzo anategemea matamvua na ngozi peke yake, na tangi lenye maelfu yao likikosa hewa kwa saa moja ya usiku, asubuhi yote yameelea. Nunua pampu ya hewa yenye betri kabla ya kununua homoni. Utakapoanza kuona vifaranga wakipanda kugusa uso wa maji na kushuka upesi, kiungo kimeanza kazi na hatari hiyo imepungua.

Hatari inayoifuata ni wao kwa wao. Kambale wa tumbo moja hawakui sawa, na mkubwa humla mdogo. Kwanza humshika mkia na kumtafuna hadi kichwani, anakiacha kichwa. Baadaye, wakubwa wakizidi sentimita 8 hivi, humeza mzima. Ukiona vichwa vidogo chini ya tangi, au idadi inapungua bila mizoga, ndiyo hiyo. Lisha vya kutosha, weka giza, na kuanzia wiki ya tatu chambua kwa ungo au beseni lenye matundu kila siku saba, wakubwa na wakubwa, wadogo na wadogo. Kupunguza wingi peke yake hakusaidii kama ukubwa haulingani.

Vifaranga wenye vichwa vilivyopinda au kuvimba utosini baada ya wiki kadhaa mara nyingi wamekosa vitamini C, hasa wanaolishwa chakula cha kuchanganya nyumbani kilichokaa muda mrefu kwenye joto.

Bwawa la kulelea

Wakitoka tangini baada ya siku 10 hadi 14, au hata mara wanapoanza kula, unaweza kuwapeleka bwawani. Bwawa la mita za mraba 100 linatosha vifaranga 6,500 hadi 10,000.

Likaushe hadi udongo upasuke, tandaza chokaa kilo 10 hadi 15, zungushia uzio wa nailoni au bati wa sentimita 60 uliozikwa chini kidogo. Uzio ni wa vyura. Dodoma mvua za kwanza zikinyesha vyura wote wa mtaa huhamia kwenye maji yako kwa sababu ile ile inayomsukuma kambale mbugani, na bwawa lisilo na uzio mara nyingi huishia na vifaranga wa kuhesabu. Likiwa na uzio, kuvuna theluthi moja ya uliowaweka ni mavuno mazuri.

Jaza maji kupitia chujio la chandarua, weka kilo 5 hadi 10 za samadi ya kuku iliyokauka, na pandikiza vifaranga siku ya tatu hadi ya tano, jioni. Ukiwahi, vidudu vya kula havijazaana. Ukichelewa wiki mbili, watoto wa kereng'ende na kunguni wa maji wamekua na wao ndio watakaokula. Kina kianze sentimita 40, kiongezwe kidogo kidogo, maana jua la hapa hukausha maji kwa kasi. Lisha dagaa waliosagwa laini pamoja na mashudu ya alizeti yaliyochekechwa. Maganda ya alizeti hayasagiki tumboni mwa samaki mdogo. Baada ya wiki nne hadi sita wanakuwa na gramu 2 hadi 5, tayari kuuzwa.

Kwa anayewataka wapunguze watoto wa perege bwawani kwake, perege watangulie kuwa wakubwa kuliko kambale, la sivyo kambale atakula mtaji.

Kabla ya kusafirisha wanyime chakula siku nzima, wasije wakachafua maji ya mfuko. Mfuko mmoja uwe na maji theluthi na oksijeni theluthi mbili, ufungwe kwa mpira, upakiwe alfajiri au usiku. Gari la kwenda Kongwa au Mpwapwa saa 8 mchana ni jiko. Wakifika, acha mfuko uelee juu ya maji ya bwawa dakika 15 hadi 20, fungua, ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha uinamishe watoke wenyewe.